Mbuzi wa Petroli

9 Januari

Mdogo wangu, fundi wa mafundi,

Kabla hujavua viatu, soma hapa kwanza: sisi wote wazima. Mguu wangu wa kulia bado unatabiri mvua kuliko redio. Cherehani yangu sasa inashona sare za shule mbili, na walimu wakuu wote wawili wananiamkia wao kwanza. Shangazi yetu mwenye jino la dhahabu ameolewa tena. Usiniulize na nani, mwenyewe alipoulizwa alifikiri kidogo. Wifi yangu hajambo? Na ile jenereta ya hospitali bado imekushika shati usitoke? Huku nawaambia watu mdogo wangu ameoa wake wawili, mmoja anakunywa dizeli.

Sasa habari yenyewe. Mpwa wako anaunda gari.

Si kuunda kama hawa wetu wa pale kona, wanaobadili plagi moja kisha wananawa mikono hadi jua lizame. Unakikumbuka kile kigari kifupi cha turubai alichoacha marehemu shemeji yako, ambacho kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva? Mwanangu amekivua chote, kikabaki mifupa, na sasa anakivika upya ili kipande mawe. Nimesema mawe, sikusema mlima. Nje ya mji kuna machimbo ya zamani, yamebaki majabali yamelaliana kama magunia ghalani, na vijana wenye magari hukutana huko kushindana. Hawakimbizani. Anayepanda polepole, bila kurudi nyuma na bila kugusa vigingi, ndiye mshindi. Nilimwuliza, mwanangu, mashindano gani haya ambayo kobe ndiye bingwa? Akanijibu, ndiyo maana nimeyapenda, Mama.

Ameichomelea difu ya nyuma ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, lisiwepo moja la kuzunguka bure hewani wakati mwenzake limeduwaa. Springi zilizokuwa chini ya ekseli amezipandisha juu yake, na gari limeinuka hadi linanifika kifuani. Nayaandika haya kana kwamba nayajua. Nayajua. Nakaa na cherehani yangu mlangoni, yeye yuko chini ya gari, namwuliza na ananijibu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu wangu ameinama tangu mwaka uanze, naona miguu tu.

Mwenye duka alichungulia ukutani akauliza hicho ni kitu gani. Nikamwambia ni mbuzi, ngoja utamwona juu ya bati lako. Basi mtaa mzima wanaliita Mbuzi, na watoto wakipita wanamletea majani.

Kazini wamempa likizo ndefu kidogo, ndiyo maana ana nafasi.

Niandikie maneno ya kifundi niyasome mbele ya watu.

Dada yako, mama wa fundi


27 Januari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika na alama ya grisi pembeni, nikajua nyumba ina kazi. Wifi yako anakusalimu, kifua kimempungua. Mimi sijambo. Jenereta ni mzee, na anayejua tabia zake ni mimi peke yangu: umeme ukikatika, chumba cha upasuaji chote kinanitazama mimi usoni. Ruhusa siipati hata ya harusi. Shangazi mpe hongera na pole, achague mwenyewe ipi itangulie.

Kwa gari nimefurahi kweli. Kuchomelea difu kunafaa kwenye mawe, ila lami asiende nalo mbali, litakataa kona. Aangalie kabureta. Gari likiinama sana petroli hufurika au hukatika, na injini huzimika mahali pabaya kuliko pote. Kimo ndicho kinachonitia shaka. Ukiinua springi umeinua na uzito. Magurudumu ayatanue kushoto na kulia, gari lisiwe mtu mrefu aliyebana miguu.

Mwambie aniandikie mwenyewe. Na hiyo likizo ndefu ni likizo gani? Karakana ile ninayoijua mimi haikuwa ikitoa likizo hata ya msiba.

Ndugu yako


14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na ukue uwe mkubwa kama hiyo jenereta. Hapa kwetu heri. Mume mpya wa shangazi ana ndevu na kikohozi, mengine tutayajua taratibu. Umeniuliza habari za likizo. Huku mvua zimenyesha vizuri sana mwaka huu.

Kuhusu kukuandikia, mpwa wako amekataa, na usichukie. Alisema, "Mjomba akiingia, gari litakuwa la mjomba." Hana ubaya na wewe. Anajua mkono wako, ukigusa kitu hakuna mwingine anayeonekana kukigusa. Basi barua yako niliificha chini ya vitambaa na maneno yako nikayafanya yangu. Nikamwambia nimeota gari limeinama na petroli inamwagika puani. Akanitazama, akasema, Mama sasa unaota kabureta? Lakini kesho yake alikuwa ameifungua. Magurudumu pia ameyatanua. Hilo sikuliota, nilisema tu kwamba Mbuzi anatembea kama msichana aliyevaa sketi ya kubana.

Nilifanya kosa moja, nikuchekeshe. Nilikuta matairi yote manne yamelegea, nikasema maskini, mwanangu hana hata pumzi ya kujaza. Nikamwita yule wa baiskeli mwenye pampu, akatoka jasho, yakawa magumu kama mitungi. Mwanangu alipotoka kuoga aliyabonyeza kwa kidole gumba. Kumbe ameyapunguza upepo makusudi, maana tairi laini hulilalia jiwe likalishika kama kiganja, na tairi gumu hurukaruka tu. Akaanza kuyatoa upepo tena, moja baada ya moja, na mdomo wake ulikuwa umepinda hivi. Haikuwa kicheko. Lakini ulipinda, nami niliuona.

Sasa lililo kubwa. Amejijengea kizimba cha mabomba juu ya kiti, ili gari likipinduka lisimlalie kichwani. Na mabomba hayo nimeyatoa mimi. Ni yale yaliyoshika tangi letu la maji la zamani, bado mazima, hata kutu hayana. Amekata, amekunja, amechomelea, ukikiona utadhani kitanda cha mfalme. Nimemwambia kila mtu kwamba kichwa cha mwanangu kinalindwa na mabomba ya mama yake.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku wazima.

Nitaandika bila kuzunguka. Bomba la maji lina mshono ubavuni kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama limepakwa rangi huuoni. Limetengenezwa lipitishe maji. Gari likiligonga jiwe kwa mgongo, mshono ule unafunguka na bomba linalala bapa, na aliye chini yake yuko kati ya bapa na kiti. Mimi nimewahi kumtoa mtu kwenye kizimba cha namna hiyo. Sitakuandikia jinsi tulivyomtoa.

Mzuie. Usimwambie umeota, usimwambie habari za sketi. Wewe ni mama yake, gari liko kwenye ua wako. Chukua funguo ukae nazo.

Na bado hujaniambia habari za kazi yake.

Ndugu yako


16 Machi

Mdogo wangu,

Umeniandikia kama mkuu wa kituo. Hata wifi yangu hukumtaja. Niliisoma barua yako nikaifunga, nikashona suruali nzima ya darasa la tano, nikakuta nimeshona mguu mmoja umeangalia nyuma.

Nilitaka kukujibu kwamba unaona wivu. Nilishaandika ukurasa, nikauchana. Sasa nakuandikia huu, na ukishausoma usimpe mtu, hata wifi.

Likizo ni neno langu mimi. Karakana yao ilifungwa mwaka jana katikati, wakafukuzwa wote siku moja. Mwanzoni alizunguka akitafuta kazi, anarudi jioni, anakula. Kisha akawa hatafuti. Kisha akawa hatoki kitandani. Alikuwa amegeuzia uso ukuta, mdogo wangu, mtu mzima mwenye ndevu, kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Chakula namwekea mlangoni, nakikuta kimefanya ngozi. Nikimsemesha ananijibu kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonitisha. Wewe unajua alivyokuwa mbishi.

Siku moja nilimwona amesimama uani. Nikafurahi. Halafu nikaona anaitazama kamba ya kuanikia nguo. Haikuwa na nguo. Aliitazama muda mrefu, akaitazama na nguzo yake, akarudi ndani. Mimi nikaifungua kamba ile siku hiyohiyo nikaenda kuitupa mbali. Tangu hapo naanika ukutani, na jirani anadhani nimekuwa mvivu. Mwanangu nilimwambia kamba iliibwa.

Watu wakiniuliza nilisema amepata kazi ya kuchora michoro, anachorea chumbani. Unanijua mdomo wangu.

Halafu asubuhi moja ya mwaka mpya nikasikia nyundo. Nikadhani ni kwa jirani. Nikatoka, nikamkuta amepiga magoti mbele ya kigari cha baba yake, anagonga nati iliyoganda, mayai ya kuku ameyapanga vizuri pembeni. Akaniambia, "Mama, una mafuta ya taa?" Nilikwenda kuyatafuta mafuta ya taa nikilia njia nzima, na sikumpa nafasi ya kuniona.

Anakula sasa. Anabishana na mimi. Juzi alinifokea nilipokanyaga mchoro wake, nikaenda jikoni nikasema asante Mungu, nimefokewa.

Sasa wewe fundi wa mafundi, niambie. Nikichukua funguo, nitampa nini badala yake? Nimrudishie ukuta?

Dada yako


30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa barua ile. Hii yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Wifi yako aliuliza kuna nini, nikamwambia shangazi anakohoa.

Sitakuambia tena umzuie.

Nimefanya hivi. Hospitali ilikuwa na boila ya zamani ya kuchemshia maji, imeng'olewa, na mabomba yake ni manene, hayana mshono, ni chuma cha kuvumilia mvuke. Nimeomba, nimepewa, nimeyakata marefu manne na mafupi sita, nimeyafunga kwa gunia. Dereva mmoja wa lori ninayemwamini atayaleta hadi kwenye lango lako, lakini safari yake ya upande wenu ni mwanzoni mwa Mei. Sina njia ya kumharakisha. Yakifika, mwambie umeyaokota, umeyanunua kwa mwenye vyuma chakavu, chochote. Asijue ni yangu. Ana macho, akiyashika tu atajua tofauti, na hutahitaji ndoto.

Mashindano ni lini? Kama ni kabla ya lori, mcheleweshe. Mcheleweshe kwa njia yoyote uijuayo. Wewe hukosi njia.

Ningekuja mwenyewe, Dada. Jana umeme umekatika mara mbili, kulikuwa na mtoto mezani.

Ndugu yako


12 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa nimekunja mguu juu ya mguu kama mkurugenzi. Wifi apate salamu zake peke yake, na shangazi anasema kikohozi ni cha mume, si chake, acheni kumzushia.

Mashindano ni Jumamosi, tarehe ishirini na nane mwezi huu. Lori lako litachelewa kwa siku chache tu. Niliposoma hivyo nilizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilijaribu maneno. Nilimwambia hivi haya mabomba ya tangi yataweza kweli? Akasema, wewe si ndiye uliyemwambia kila mtu yataweza? Mdomo wangu umenifunga mwenyewe.

Lakini mama hashindwi. Sikiliza.

Nimekaa na huyu mtoto mlangoni miezi mitatu, nimejifunza. Kila akifunga magurudumu ya mbele, kuna kile kifito cha usukani kinachoingia kwenye gurudumu, kina nati, na juu ya nati anapitisha kipini chembamba, anakikunja miguu. Kinafanana kabisa na kipini cha nywele. Nilimwuliza siku moja, kidogo hivyo kina kazi gani? Akakiinua juu akaniambia, "Hiki, Mama, bila hiki sitoki hapa uani." Mimi nikalishika neno hilo nikaliweka.

Sasa gari amelimaliza. Kila nati amekaza, ametia tone la rangi nyekundu juu yake kuonyesha imekazwa, amelifunika turubai, na amesema hataligusa hadi asubuhi ya siku yenyewe, mikono ipumzike. Jana alipokwenda kunyoa nilijipenyeza chini ya turubai na koleo yake. Mdogo wangu, na mguu huu wangu. Nimekinyoosha, nimekichomoa, nimekichomeka kichwani mwangu chini ya kitambaa pamoja na vipini vyangu vya nywele. Hata askari wakija hawatakiona. Tone la rangi nimelirudishia kwa kidole, huwezi kujua.

Jumamosi atawasha, halitakwenda, atatafuta sababu hadi jioni, mashindano yatapita. Wiki inayofuata mabomba yako yanafika. Nitamrudishia kipini nikijifanya nimekiona wakati nafagia. Yapo mashindano mengine mwezi wa nane.

Sema kama huna dada fundi.

Dada yako


SIMU YA MAANDISHI
26 Aprili

RUDISHA KIPINI LEO. GARI LITAKWENDA BILA KIPINI. USUKANI UTAACHIA MAWENI. ASIENDESHE. MWAMBIE UKWELI WOTE.


26 Aprili

Dada,

Barua yako imenifikia leo mchana. Nimepeleka simu ya maandishi, nimepiga na simu ya dukani kwa jirani yenu, inaita haipokelewi. Nimekwenda posta mara ya pili, karani ameniambia imeshakwenda, nisimsumbue. Naandika hii ingawa najua itafika mambo yamekwisha, kwa sababu mikono yangu haina kitu kingine cha kufanya.

Kipini kile hakizuii gari kwenda. Kinazuia nati isilegee. Bila hicho gari litawaka, litatoka uani, litafika hadi machimboni, litaanza na kupanda. Kila jiwe litaitikisa nati, nayo itajizungusha kidogo, kidogo tena. Halafu gurudumu litatazama kwake na usukani utatazama kwake. Yeye alikuambia neno la fundi, Dada: bila kipini haendi kwa sababu fundi mwenye akili hakubali kwenda. Chuma chenyewe hakikatai.

Mimi ndiye niliyekuandikia umcheleweshe kwa njia yoyote. Nimeomba ruhusa. Mkuu wa hospitali amenionyesha orodha ya wanaopasuliwa kesho, akaniuliza nimchague nani wa kumwacha. Nimerudi kwenye jenereta.

Niandikie hata neno moja.

Ndugu yako


8 Mei

Mdogo wangu,

Yuko hai. Nimelitanguliza hilo, salamu zingoje. Nilijaribu kukuandikia mapema, na kila nikianza kalamu inanigomea.

Simu yako ilifika Ijumaa, mimi nimekwenda shule kupeleka sare. Aliyeipokea ni yeye. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, karatasi iko gotini. Niliona maandishi makubwa tu, nikajua. Akaniuliza, "Ulikitoa cha upande gani?"

Nikamwambia wa kushoto. Nikavua kitambaa, nikaanza kukitafuta kichwani, na kwa haraka nikatoa vyote, vya nywele na cha gari. Akakichagua, akakitazama, akakitupa. Akatia kipya. Aliniambia kikishakunjwa na kunyooshwa hakifai tena. Hakunifokea, mdogo wangu. Nilikuwa nangoja anifokee.

Alipomaliza akauliza, mjomba anajua mangapi? Nikasema yote. Akasema, "Na ya kamba?" Nilikuwa sijui kama anajua. Akanifuta mkono kwa tambara lake, nilikuwa na grisi, akaniambia aliniona dirishani siku ile nikiifungua. Alinitazama nikiibeba hadi nikapotea njiani. Miezi yote hiyo tumekaa nyumba moja, kila mtu ana siri yake, na siri ni moja.

Basi nikapata nguvu, nikamwambia yote ya mabomba ya boila, kwamba yako njiani, kwamba haya yangu ni ya maji tu, kwamba mjomba wake alishamtoa mtu kwenye kizimba kama hicho. Nikamwomba angoje. Nilipiga magoti, na hilo jirani asijue. Akaniinua. Akasema, "Nikingoja, Mama, nitarudi kitandani. Najijua."

Wewe ungemjibu nini?

Jumamosi tulikwenda wote, mimi nimekaa kiti cha pembeni, mtaa mzima umetoka kumuaga Mbuzi. Mwenye duka alipiga makofi. Nilipunga mkono kama bibi harusi, na mkono mwingine umelishika bomba la kizimba.

Machimboni wamechora mstari wa chokaa, watazamaji wasivuke. Nilisimama nyuma yake. Mdogo wangu, mimi si mtu wa kukosa la kufanya. Kushona najua, kuuguza najua, kumbeba huyo mtoto nilimbeba hadi mgongo ukapinda. Pale hapakuwa na kazi hata moja ya mama. Nilishika mkoba wangu. Kuna mtu aliniuliza kama yule ni mwanangu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno.

Mbuzi alipanda. Sikudanganyi, alipanda. Gurudumu la mbele lilikuwa linalipapasa jiwe kama mkono wa kipofu, likipata mahali linashika, halafu la nyuma linafuata, na injini inanguruma chinichini bila kukohoa hata mara moja. Jiwe la kwanza, kimya. La pili limesimama kama ukuta wa choo, akalipanda, watu wakapiga kelele. Kwenye jiwe la tatu gurudumu la nyuma liliteleza. Gari likasimama kama linafikiri. Halafu likainama, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, likalala ubavu, likalala mgongo, likashuka hadi kwenye jiwe la pili na kutulia magurudumu yako juu yanazunguka.

Nilivuka chokaa. Walinishika.

Bomba la upande wa kulia limefanya vile ulivyoandika. Limefunguka kwenye mshono likalala bapa. La kushoto lilipata jiwe la kuegemea, ndilo lililobakisha nafasi, na nafasi yenyewe ilimtosha kichwa. Si ufundi wa mtu wala mabomba ya mama. Lile jiwe lilikuwa pale tu.

Wanaume waliliinua gari, akatoka kwa kutambaa. Bega limeshuka, sikio limechanika, damu hadi shingoni. Nikamfikia. Alikuwa anacheka. Nilidhani amepata kichaa kwa pigo, nikamshika uso. Kilikuwa kicheko chake cha tumboni, kile cha zamani, ambacho nilikuwa nimeanza kukisahau sauti. Akasema, "Mama, umeona Mbuzi alivyolishika lile jiwe la pili?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nikamfuta damu. Nikamwambia nimeona.

Mfupa wa bega umevunjika, wamemfunga mkono kifuani. Daktari alipouliza ilikuwaje alieleza na jiwe la kwanza na la pili na pembe ya mteremko, hadi daktari akaweka kalamu chini. Anakula. Anaongea hadi naomba anyamaze. Na usiku analala ubavu, uso ameuelekeza mlangoni, ingawa bega linamuuma.

Mabomba yako yamefika juzi. Dereva alikuwa mtu wa heshima, nilimpa chai. Mpwa wako aliyafungua gunia, akaligonga moja kwa spana, akalisikiliza linavyolia. Akasema mwambie Mjomba ahsante. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyasema. Halafu akachukua chaki akaanza kupima. Mashindano mengine ni mwezi wa nane, na daktari amesema mfupa utakuwa umeunga. Anasema jiwe la tatu ndilo lililomshinda kwa sababu aliliingia kutoka kushoto, safari hii ataliingia kutoka kulia.

Nilikaa jikoni nikajiuliza nimwambie nini. Nilipanga maneno mazuri sana, wewe unanijua. Akaniita uani. Mkono mmoja hautoshi kushika bomba na kuchomelea, akanipa miwani myeusi ya marehemu baba yake na glavu zilizonizidi, akaniambia nishike hapa nisitazame cheche. Jirani alichungulia. Nikamwambia ndiyo, na mimi ni fundi sasa. Nililisema hilo kwa sauti kubwa, huku nimelikumbatia bomba kwa mikono miwili.

Kwa hiyo barua hii usinijibu nimzuie. Usinijibu pia kwamba atapona, huko mbali hujui. Niandikie tu bomba zito linashikwaje wakati linachomelewa, maana mkono wangu unacheza, na yeye anasema chuma kikicheza hakishiki.

Dada yako